Pumzi Yashuka Wapi? Habari za Viungo vya Ndani

Katika shule moja upande wa Handeni tuliwauliza watoto, "Mtu avutapo pumzi, hewa yaenda wapi?" Mmoja akajibu, "Yashuka tumboni," akaweka mkono juu ya tumbo lake, nalo lilikuwa likipanda na kushuka mbele ya macho yetu. Tukamwambia kwamba amekosa. Hata baadaye tukatambua kwamba tuliokosa ni sisi, maana tulimkanusha wala hatukumweleza kile alichokiona. Basi yafaa tuitazame habari hii tangu mwanzo wake.

Lugha yetu huweka uhai na viungo mahali pamoja. Mtu akishikwa koo husemwa kwamba amekabwa roho. Akitaka kutapika husema, "Moyo wanichafuka," ingawa kinachochafuka ni tumbo. Na pale chini ya kidari twapaita chembe cha moyo. Huu si ujinga, maana maneno hayo yaeleza jinsi mtu asikiavyo mwilini mwake. Lakini wazee hao hao, Wazigua na Wasambaa, wakichinja mbuzi hawapotei: moyo ni moyo, mapafu ni mapafu, ini ni ini. Walikuwa na elimu mbili, ya kusikia na ya kisu, wala hawakuzichanganya. Kamusi ya Kizigua ya Kisbey, iliyopigwa chapa mwaka 1906, yatupa majina; kazi ya kueleza kitu chenyewe imebaki kwa mwalimu.

Jambo kama hili liliwapata watu wa Bara Hindi, ambao ndugu zao twawajua tangu zamani kwa biashara zao za pwani na za njia ya reli, iliyotoka Tanga ikafika Korogwe mwaka 1902. Kwao kuna mafundisho ya kale yaitwayo yoga, yafundishayo kutawala pumzi ili moyo utulie katika kutafakari. Vitabu vya yoga, kama Hatha Yoga Pradipika cha karne ya 15, hutaja mishipa ya pumzi, mmoja kushoto, mmoja kulia, na mmoja katikati. Na vingine hutaja magurudumu yaliyopangwa toka chini ya mgongo hata kichwani.

Mwalimu mmoja wa Kihindi, Dayananda Saraswati, aliyezaliwa mwaka 1824, alivisoma vitabu hivyo akaingiwa na shaka. Katika habari za maisha yake asimulia kwamba siku moja aliona maiti ikielea katika mto Ganges. Akaingia majini, akaivuta pwani, akaipasua kwa kisu, akalinganisha aliyoyaona na yaliyoandikwa. Hakuyaona magurudumu hata moja. Ndipo akavirarua vile vitabu akavitupa mtoni pamoja na maiti. Walakini yoga yenyewe hakuiacha, wala hakuacha kuyaheshimu mafundisho ya Patanjali, mwalimu wa kale. Mwaka 1875 alianzisha chama cha Arya Samaj mjini Bombay, nacho kilifika Nairobi mwaka 1903.

Twajifunza nini? Kwamba kisu chaweza kuikanusha ramani ya mwili, wala kisikanushe utulivu aupatao mtu avutaye pumzi polepole. Tena mtu asikiapo kitu mwilini, kusikia kwake ni kweli, ila hakumwonyeshi daima mahali pa kiungo.

Turudi kwa mtoto wetu. Chini ya mapafu kuna kiwambo, nacho kimewambwa kati ya kifua na tumbo kama ngozi juu ya ngoma. Mtu avutapo pumzi, kiwambo hushuka, mapafu hupanuka na hewa huingia. Matumbo yakisukumwa chini, tumbo hutokeza mbele. Atoapo pumzi, kiwambo hupanda tena. Kwa hiyo hewa hukoma mapafuni, lakini mwendo wake huonekana tumboni. Mtoto aliona sawasawa. Alikosa jina tu la kile kilichoshuka.

Walimu wenzetu, siku ya kuchinja mbuzi waiteni watoto karibu, muwaonyeshe kiwambo kabla hakijakatwa. Kisha kila mmoja aweke mkono tumboni, avute pumzi taratibu. Wala msiwakataze kusema kwamba moyo wachafuka. Wafundisheni tu kujua ni lini wasema kwa kusikia, na ni lini kwa kisu. Sisi tulimwita yule mtoto siku ya pili tukamwambia mbele ya wenzake kwamba macho yake hayakumdanganya.