Aloi inayomeza haidrojeni, na mawe ya jirani zetu

Ukisema Kabanga pale Kasulu, watu wanakuelekeza hospitali. Kabanga ninayoizungumzia ni nyingine, iko Ngara: kutoka Kibondo unapanda kaskazini, unaipita Kakonko, unaendelea. Huko chini ya ardhi kuna nikeli, iliyogunduliwa miaka ya 1970 katika utafutaji wa madini uliogharamiwa na Umoja wa Mataifa. Sasa geukia upande wa pili. Kutoka Kasulu nenda Manyovu, vuka mpaka: jirani na Bujumbura kuna Gakara, ambako Wabelgiji walichimba madini adimu tangu mwishoni mwa miaka ya 1940. Ndani ya mawe yale mna lanthanamu.

Ukiyeyusha hivyo viwili pamoja, atomi tano za nikeli kwa moja ya lanthanamu, unapata LaNi5, aloi maarufu mno kwa watafiti wa kuhifadhi haidrojeni.

Kwamba metali inaweza kumeza gesi ni habari ya zamani. Mwaka 1866 Thomas Graham, mkemia kutoka Scotland, aliona paladiamu ikifyonza haidrojeni mamia ya mara ya ujazo wake. Ila paladiamu ni ghali, hakuna wa kuijazia tangi. Miaka mia ikapita. Kwenye maabara ya Philips, Eindhoven, Uholanzi, watu walikuwa wanahangaika na sumaku za samariamu na kobalti, wala si nishati. Wakakuta sumaku zinapungua nguvu. Kumbe zimefyonza haidrojeni! Wakazijaribu aloi nyingine za ukoo ule, na mwaka 1970 van Vucht, Kuijpers na Bruning wakachapisha matokeo ya LaNi5. Hii inafyonza kwa joto la kawaida la chumbani, kwa mgandamizo wa mara chache tu ya ule wa hewa, na ukiipasha moto kidogo inairudisha gesi. Atomi za haidrojeni hujipenyeza katikati ya atomi za metali, zikabanana kuliko hata kwenye haidrojeni iliyogeuzwa kimiminika.

Mbona basi hatuna matangi yake? Uzito. Haidrojeni inayobebwa ni kama 1.4% ya uzito wote, yaani kilo 1 inataka aloi kilo 70 hivi. Watu wa magari wakakata tamaa, ingawa ndugu zake waliingia kwenye betri za Toyota Prius ya 1997.

Mimi naona hukumu ile ilitolewa kwa macho ya gari. Kituo cha afya hakitembei. Kilo 70 zikikaa kona ya stoo hazimsumbui mtu, na ile kilo moja ya haidrojeni inaweza kutoa kama uniti 16 za umeme. Kibondo na Kasulu hawahitaji kuelezwa maana ya akiba ya nishati: mpaka gridi ya taifa ilipofika mwaka 2022, waliwashiwa taa na jenereta za dizeli.

Kazi ngumu zaidi iko kati ya jiwe na aloi. Lanthanamu inafanana mno kikemia na wenzake, kuitenga kunataka kiwanda kikubwa, na vingi viko China. Gakara ilifungwa 1978, ikafunguliwa tena 2017 kwa kusafirisha mawe yaliyochambuliwa tu, na mwaka 2021 serikali ya Burundi ikasimamisha. Mwaka huohuo Tanzania ilisaini mkataba wa Kabanga, ikachukua hisa 16%, na usafishaji ukapangwa kufanyika Kahama. Nikeli hiyo inatajwa kwa ajili ya betri za magari.