Mbao za Thamani katika Mkoa wa Mara: Kutoka Tezo hadi Karatasi

Mjozi, mti ambao maseremala wa Ulaya na Amerika ya Kaskazini wameuenzi kwa karne nyingi, hauoti Musoma, Bunda wala Butiama. Mbao zake zilifika huko hata hivyo, na hazikufika kama kabati wala meza bali kama vitako vya bunduki. Mauser za Wajerumani zilikuwa na vitako vya mjozi, na Lee-Enfield nyingi za Waingereza vilevile. Mkoa wa Mara ulitoa askari wengi kwa kikosi cha King's African Rifles, hasa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kwa hiyo kuna vijana waliozoea kuupangusa mti huo kwa mafuta kabla hawajaona samani hata moja iliyotengenezwa kwa mbao zake.

Sifa zinazoufaa mjozi kwa bunduki ndizo zinazoufaa kwa samani. Ukikauka huwa na uzito wa kadiri, kilo 600 hadi 650 hivi kwa mita moja ya ujazo. Huhimili kishindo bila kupasuka, na ukishakauka vizuri haupindi ovyo hewa inapobadilika. Patasi huuchonga bila kung'oa nyuzi, na rangi yake ni ya kahawia yenye mistari myeusi inayoonekana zaidi baada ya msasa. Fundi wa Tanzania akielezwa sifa hizo atasema anaufahamu mti huo, ila kwake unaitwa mninga.

Mninga una uzito unaokaribiana na wa mjozi, na kwa kutonywea unapokauka huenda unaupita. Gome lake likikatwa hutoa utomvu mwekundu kama damu. Kiini chake huwa cha kahawia, pengine chenye michirizi myekundu, na mchwa huogopa kiini hicho, si ile mbao nyeupe ya nje. Mvule, ndugu yake katika heshima, una tabia nyingine: ukipasuliwa mbichi huwa wa manjano, kisha hukolea rangi mwaka hadi mwaka mpaka ukawa kahawia ya dhahabu. Nyuzi zake hupishana, ndiyo maana randa hukwama, na ndani ya gogo hutokea uvimbe mgumu wa chokaa, jiwe halisi, unaovunja meno ya msumeno bila onyo. Vumbi lake huwasha pua na ngozi. Pamoja na kero hizo zote mvule haulingani na mti mwingine karibu na maji, na historia ya kuunganisha mbao katika Mara inaanzia majini.

Kabla ya msumeno, chombo kikuu kilikuwa tezo, na chuma chake kilifuliwa na wahunzi waitwao Waturi, watu waliooana wao kwa wao na kuogopwa kidogo na majirani. Kwa tezo vilichongwa vigoda, mizinga ya nyuki, mabakuli ya litungu (ala ya nyuzi) na mbao za bao. Kila kimoja kilitokana na kipande kimoja cha mti. Huo haukuwa upungufu wa ufundi. Kitu kisicho na kiungo hakina mahali pa kulegea, na mti ukinywea hunywea wote kwa pamoja. Kigoda cha mzee wa Kizanaki au Kiikizu kilikaliwa kwa miaka mingi bila msumari wala gundi, miguu yake ikipata mng'aro kutokana na mikono tu. Bao nalo lina nafasi yake katika historia ya nchi. Inasimuliwa kwamba Kambarage Nyerere, mtoto wa Mtemi Burito wa Wazanaki, alicheza kwa werevu uliomvutia Mtemi Makongoro wa Ikizu, naye akashauri mtoto huyo apelekwe shule. Mwaka 1934 Kambarage aliingia shule ya Mwisenge mjini Musoma, zaidi ya kilomita 40 kutoka Butiama.

Kazi iliyohitaji kuunganisha mbao ilikuwa mtumbwi. Kwenye mwambao wa Ziwa Victoria, huko Majita, Musoma na Ukerewe, kama ilivyokuwa kwa Wasuba na Waganda, mitumbwi mikubwa ilishonwa. Fundi alianza na gogo zito la chini, lililochongwa hadi likatokeza mbele kama pua. Juu yake zilipandishwa mbao za ubavuni. Gogo zima lilipasuliwa kwa kabari, kisha kila upande ukachongwa kwa tezo hadi ukawa bapa, hivyo mti mkubwa ulitoa mbao chache sana na sehemu kubwa ikaishia kuwa vibanzi vya kuwashia moto. Matundu yalitobolewa ukingoni kwa chuma cha moto, mbao zikafungwa kwa kamba za mimea, na upenyo ukazibwa kwa nyuzinyuzi. Mtumbwi wa namna hiyo ulivuja siku zote. Mtu mmoja alikaa ndani kwa kazi moja tu, kukumba maji. Lakini ulikuwa mwepesi, ulipinda kidogo na wimbi badala ya kuvunjika, na kamba iliyooza ilibadilishwa bila kuharibu mbao.

Ujenzi wa vyombo wa kipwani ulifika ziwani katika miaka ya 1870. Mfanyabiashara aliyejulikana kama Songoro alijenga jahazi Ukerewe, kisiwa kinachotazamana na Kisorya ya Bunda, akitumia mbao za huko na misumari. Jahazi lake liliuzwa kwa wamisheni wa Church Missionary Society, na mwezi Desemba 1877 Songoro na wamisheni wawili, Shergold Smith na O'Neill, waliuawa katika ugomvi na Mtemi Lukonge wa Ukerewe. Ufundi wenyewe haukufa nao. Mkuku, mataruma, kalafati na tanga la pembetatu vilienea polepole ziwani, na mtumbwi wa kushonwa ukaacha nafasi kwa boti ya misumari.

Baada ya hapo mbao zilifuata njia za usafiri. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, meli za mvuke zikawa zinazunguka ziwa, na bandari ya Musoma ikaunganishwa na misitu ya Uganda, yenye mvule na mikangazi ambayo Mara haikuwa nayo kwa wingi. Mwaka 1928 reli kutoka Tabora ilifika Mwanza. Tabora ni nchi ya miombo na ya mninga, na kuanzia hapo mti huo ulikuwa na njia ya kufika ziwani bila kubebwa kichwani. Mara yenyewe, nchi ya migunga na nyasi, haikuwahi kuwa na msitu wa kulisha karakana kubwa.

Wateja wa kwanza wa samani za viungo walikuwa misheni, shule na ofisi za serikali. Mapadri walikuwa Nyegina tangu 1911. Wamenno walifika Shirati mwaka 1934 na Bukiroba mwaka uliofuata. Kanisa lilihitaji mabenchi, milango na fremu za madirisha, na kazi hiyo ilidai randa, patasi na gundi, pamoja na jambo gumu zaidi kuliko vyote, subira ya kukausha mbao. Mbao za mninga hupangwa kivulini, kila moja ikitenganishwa na mwenzake kwa vipande vyembamba ili hewa ipite, na kuachwa miezi kadhaa. Fundi anayeruka hatua hiyo hugundua kosa wakati mlango umeshafungwa na umeanza kugoma kwenye fremu.

Azimio la Musoma la mwaka 1974, lililosukuma elimu ya msingi kwa wote, liliongeza madarasa kuliko madawati. Zaidi ya miaka 40 baadaye, mwaka 2016, bado nchi ilikuwa na kampeni ya madawati. Samaki nao walichukua sehemu yao. Sangara alipostawi ziwani katika miaka ya 1980, boti ziliongezeka haraka, na magogo manene ya mvule karibu na ufuko yakawa adimu. Wajenzi waliteremka hadi kwenye miti myepesi isiyodumu sana majini.

Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaweka mninga, mvule na mpingo chini ya vibali, na gogo halali hugongwa nyundo ya serikali kabla ya kusafirishwa. Bei nayo imefanya mengine. Wengi hununua paini na sipresi kutoka mashamba kama Sao Hill, Mufindi, na kuzipaka rangi ya kahawia ili zifanane na mninga. Madukani Musoma na Bunda mjozi umerudi kwa namna nyingine: karatasi iliyochapishwa picha ya nyuzi zake, imebandikwa juu ya ubao wa unga wa mbao uliokandamizwa kwa gundi. Kabati la aina hiyo hupendeza siku ya kwanza. Likipata unyevu, kingo huvimba na karatasi hubanduka; skrubu ikichomolewa mara moja haishiki tena vizuri katika tundu lilelile, na fundi anayeitwa kulirekebisha mara nyingi hutia kipande cha mninga kwa ndani ili skrubu ipate mahali pa kung'ata.