Batli: Hodi, Kuingia na Kuaga

Mabaharia wa pwani yetu waliliita batli lile gogo la kupimia mwendo wa chombo, kisha jina hilohilo likakipata kitabu ambamo nahodha huandika habari za safari. Na kwa kuwa Waingereza nao walianza na gogo, wakaenda kitabuni, wakaishia katika kompyuta, sioni kwa nini daftari la usalama la kompyuta lisiitwe batli.

Lililo gumu ni kuyapa majina yaliyomo, na mpaka watufaa kwa mfano. Katika kituo cha pamoja cha mpaka cha Busia, kilichofunguliwa rasmi Februari 2018, msafiri atokaye Kenya kwenda Uganda hugongewa mihuri yote miwili upande wa Uganda, ya kutoka na ya kuingia, chini ya paa moja. Walakini apitaye njia za panya haachi alama, na pasipoti isiyo na mhuri wa kutoka haithibitishi kwamba mwenyewe yungalipo.

Batli ya Windows, ambayo kila tukio hulipa namba, nayo ni hivyo. Namba 4625 ni hodi isiyojibiwa, yaani jaribio lililokataliwa. 4624 ni kuingia. 4634 ni kufungwa kwa kikao. Namba 4647, ambayo huandikwa mtumiaji anapoomba mwenyewe kutoka, naiita kuaga, kwa kuwa mgeni mwenye adabu huaga, ilhali kikao chaweza kufungwa bila ya mtu kusema neno.

Tumtazame karani wa uwakala wa forodha, malori yakimngoja nje. Saa 2 asubuhi aliingia, 4624 ya aina ya 2, yaani mbele ya kompyuta yenyewe; adhuhuri alifunga skrini akaenda kula, na aliporudi akaandika neno la siri, batli ikaongeza 4624 ya aina ya 7, ambayo ni kufungua kilichofungwa; saa 10 umeme ukakatika, wala 4647 haikuonekana. Msomaji mwenye pupa atahukumu kwamba karani ameingia mara mbili na hakutoka kamwe. Mwenye subira atazioanisha namba za vikao, kisha atafungua batli ya mfumo, na humo ataikuta 6008, iliyoandikwa mashine ilipowashwa tena, ikieleza kwamba ilizimika pasipo kutarajiwa. Lau ile 4624 ingalikuwa ya aina ya 10, angalijua kwamba aliyeingia alikuwa mbali. Na aina ya 3, ya mtandaoni, aghalabu hufunguka na kufungika kwa nukta chache, pasipo mtu kuinuka kitini.

Kwa hiyo nasisitiza kutenga kuaga na kufungwa kwa kikao, wala si kwa kupenda maneno. Batli hushuhudia kwamba ufunguo fulani umetumika, haishuhudii mkono ulioushika. Na atakayeandika "fulani hakutoka" pale ambapo ilimpasa aandike "fulani hakuaga", huenda akamtia hatiani karani ambaye kosa lake lote ni kukatikiwa na umeme.