Hesabu Inayoanzia Kenani

Mwishoni mwa Agosti 2017 Wakongo walianza kuvuka mpaka kwa wingi na kuingia kaskazini mwa Zambia. Walikuwa wanakimbia mapigano ya Haut-Katanga na Tanganyika. Wakapokelewa Kenani, kituo cha muda katika wilaya ya Nchelenge, karibu na Ziwa Mweru. Mwaka 2018 ulipoanza walikuwa wamezidi 12,000, na zaidi ya nusu yao walikuwa watoto. Mkimbizi akiandikishwa huulizwa jina, umri, kwao, familia yake, na masomo aliyofikia. Mbele ya watu wanaosubiri turubai na unga, swali hilo la mwisho huonekana dogo. Kwa historia ya elimu ya juu lina uzito mkubwa, maana ndilo linalotuambia mtu aliishia wapi kabla ya njia kukatika.

Kujua kama chuo kikuu cha umma kinawafikisha wanafunzi wake mwisho ni kazi ya subira. Huchukuliwa wote walioingia mwaka mmoja, hawa hufuatwa mwaka hadi mwaka, kisha hutazamwa wangapi wamehitimu. Marekani ilipitisha sheria mwaka 1990 ya kuvitaka vyuo vitangaze hesabu hiyo. Waliofuatwa ni wale walioanza chuo kwa mara ya kwanza na kusoma muda wote, na shahada ya miaka 4 ilipewa muda wa miaka 6. Aliyehamia chuo kingine hakuhesabiwa kuwa mhitimu wa chuo alichoanzia, hata kama alimaliza vizuri huko alikokwenda. Hesabu ya namna hiyo inadhani kwamba chuo kipo palepale, milango i wazi, na anayetoka ametoka kwa hiari yake au kwa kufeli. Pande zote mbili za Mweru dhana hiyo ilivunjika mapema.

Chuo Kikuu cha Zambia kilifungua milango mwaka 1966 kikiwa na wanafunzi 312, katika nchi iliyopata uhuru miaka miwili kabla ikiwa na wahitimu wa chuo kikuu wapatao mia moja tu. Upande wa pili, Lubumbashi, ilikuwa na chuo kikuu tangu 1956, wakati ikiitwa Élisabethville. Mwaka 1971 ukavitikisa vyote viwili. Mwezi Juni wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Lovanium, jijini Kinshasa, waliandamana. Rais Mobutu akakifunga chuo na kuwaingiza wanafunzi jeshini. Mwezi Julai wanafunzi wa Lusaka nao waliandamana, wakipinga Ufaransa kuiuzia silaha Afrika Kusini ya makaburu, na chuo chao kikafungwa. Agosti ya mwaka huohuo Mobutu aliunganisha vyuo vikuu vya nchi kuwa kimoja cha taifa, na masomo ya fasihi na ya sayansi ya jamii yakahamishiwa Lubumbashi.

Mfikirie mwanafunzi wa fasihi wa Kinshasa wa mwaka huo. Chuo alichojiunga nacho hakipo tena kwa jina lile, yeye amevaa magwanda, na kitivo chake kimehamia mji mwingine ulio mbali mno. Akihitimu Lubumbashi, rejista ya Lovanium itamwita nani? Kwangu mimi huyo amemaliza, tena amemaliza kwa kuvumilia kuliko wengi. Hesabu inayofuata jengo itampoteza. Inayomfuata mtu itampata.

Dar es Salaam ilikuwa imeonja jambo kama hilo kabla. Oktoba 1966 wanafunzi walipinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao karibu 400 kati yao. Wengi walikubaliwa kurudi mwaka uliofuata. Takwimu za 1966 peke yake zingesema wamepotea; miaka michache baadaye zingewakuta miongoni mwa wahitimu.

Wapo wasiorudi. Usiku wa tarehe 11 Mei 1990 wanafunzi wa Lubumbashi walishambuliwa ndani ya mabweni yao. Serikali ilikiri kifo kimoja. Wengine walitaja makumi, hata mamia. Ubelgiji ilisimamisha misaada, na mabishano juu ya idadi hayakuisha. Chuo kisichoweza kukubaliana ni wanafunzi wangapi waliuawa ndani ya mabweni yake hakiwezi kutueleza kwa uhakika ni wangapi waliacha masomo.

Kwa wakimbizi, kipimo kinachotajwa zaidi ni cha kuingia. Kwa miaka mingi Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilisema ni asilimia 1 tu ya vijana wakimbizi waliofika elimu ya juu. Mwaka 2019 ikatangazwa asilimia 3, mwaka 2023 asilimia 7, na lengo ni 15 ifikapo 2030. Nafurahia kila nukta ya ongezeko hilo. Lakini ni hesabu ya mlangoni, na kijana aliyesoma kwa Kifaransa Pweto, akakuta Kiingereza Nchelenge, anaweza kuingia mlangoni na asifike mwaka wa pili.

Mwanzoni mwa 2018 familia zilianza kuhamishwa kutoka Kenani kwenda makazi ya Mantapala, katika wilaya hiyohiyo, ambako walipewa mashamba na kuishi jirani na Wazambia. Majina yao yalikuwa yameshaandikwa. Mtoto aliyeandikishwa akiwa na miaka 10 mwaka 2017 alifikisha 18 mwaka 2025, umri wa kumaliza sekondari na kutafuta chuo. Kwa hiyo kundi la kufuatwa lipo, lina mwaka wake wa kuanzia, na umri wa kila mmoja unajulikana. Kazi iliyobaki ni kuwaulizia mmoja mmoja, Mantapala, Lusaka, au Lubumbashi kwa waliorejea: nani aliingia chuo, nani bado yumo, nani amehitimu.