Simba Wanyika: kutoka mpasuko wa 1978 hadi albamu ya mwisho

Historia ya muziki wa dansi Afrika Mashariki, yaani muziki wa bendi za magitaa uliojengwa juu ya misingi ya rumba ya Kuba na ya Kongo, kwa kiasi kikubwa ni historia ya bendi kupasuka na kuzaa bendi nyingine. Simba Wanyika, iliyoanzishwa mwaka 1971 na ndugu wawili wa Tanzania, Wilson Peter Kinyonga na George Peter Kinyonga, ni mfano ulio wazi wa jambo hilo. Ndugu hao walipitia Jamhuri Jazz ya Tanga, kisha wakapiga muziki Arusha, na hatimaye wakahamia Kenya, kwa kuwa Nairobi ilikuwa na studio na kampuni za kurekodi zilizowavuta wanamuziki wa Tanzania na wa Kongo.

Uzito wa kuondokewa na wanamuziki hauwezi kueleweka bila kuutazama muziki wenyewe. Gitaa la solo huongoza melodia na kujibizana na mwimbaji. Gitaa la rithimu hurudia kifungu kimoja kifupi bila kukatika, nalo ndilo linalomshika mchezaji. Besi huacha nafasi tupu kati ya noti zake nzito, na nafasi hizo humpa mpiga ngoma uwanja wake. Katika santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, wimbo uligawanywa pande mbili, upande wa kwanza ukabeba zaidi maneno na wa pili ukayaachia magitaa sehemu ya kuchemka. Mapatano haya hayakuandikwa popote, bali yalikaa vidoleni mwa wapigaji, na mpigaji alipoondoka aliondoka nayo.

Mwaka 1978 mpiga rithimu Omar Shabani aliondoka pamoja na wenzake kadhaa, nao wakaunda Les Wanyika, ambayo pamoja na mwimbaji John Ngereza ilipata sifa kubwa kwa wimbo "Sina Makosa". Baadaye Issa Juma naye aliongoza Super Wanyika, hata jina la Wanyika likawa la ukoo mzima wa bendi zilizoshindana katika mji uleule.

Ndugu wa Kinyonga hawakuvunja bendi, bali waliijaza upya na kuendelea kurekodi katika miaka ya 1980, ikiwemo albamu ya "Haleluya", ingawa kanda zilizonakiliwa kiharamu zilikuwa zikiwanyima wanamuziki mapato yao. Albamu yao ya mwisho, "Pepea", ilitolewa mwaka 1992 na kampuni ya Kameleon ya Uholanzi. Mwishoni mwa mwaka huohuo George alifariki dunia, Wilson akamfuata mwaka 1995, na bendi ikafikia kikomo.

Si haki kuihesabu "Pepea" kuwa masalio ya bendi iliyokwisha nguvu. Waliohama walikwenda na sehemu ya mlio wa bendi, lakini uimbaji wa pamoja wa ndugu wawili pamoja na tungo zao ulibaki kwa wenyewe, na hauwezi kuigwa na bendi yoyote iliyotokana nao. Kwa hiyo albamu hiyo yastahili kusikilizwa sambamba na rekodi za Les Wanyika, kwa kuwa urithi wa Simba Wanyika umegawanyika, na hakuna upande mmoja unaoubeba wote.