Mjao wa Oksijeni Ubongoni

Njiti aliyezaliwa kabla ya wiki 28 za ujauzito huanza maisha na mapafu machanga. Wodini hufungwa oksimita mguuni au kiganjani, na mama huambiwa, "Oksijeni yake ni 92." Mama hupumua, akiamini kuwa ubongo nao umepata oksijeni ya kutosha. Si lazima iwe hivyo.

Namba ile inahusu damu ya ateri: kati ya himoglobini yote inayopita pale, asilimia 92 imebeba oksijeni. Haisemi ni damu kiasi gani inafika kichwani. Mashine ikimpumulisha mtoto kupita kiasi, kaboni dayoksaidi hushuka, mishipa ya ubongo hubana na damu hupungua, huku oksimita ikiendelea kusoma 92.

Kwa hiyo hupimwa ubongo wenyewe, kwa spektroskopia ya infraredi ya karibu, yaani infraredi iliyo jirani na mwanga tunaouona. Mwaka 1977 Frans Jöbsis wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, alionyesha kuwa mwanga huo hupenya ngozi na fuvu. Kwa kichanga, ambaye fuvu lake ni jembamba, kazi ni nyepesi zaidi. Kibandiko huwekwa kwenye paji la uso. Upande mmoja hutoa mwanga, mwingine hupokea unaorudi. Himoglobini yenye oksijeni hufyonza mwanga tofauti na isiyo nayo, na hapo ndipo hesabu hupatikana.

Hesabu hiyo tuiite nini? Ukisema "kiwango cha oksijeni" utaeleweka, lakini hujasema ni cha wapi, wala kwamba ni asilimia. Napendekeza "mjao wa oksijeni ubongoni", tofauti na "mjao wa oksijeni katika ateri". Tofauti hiyo ina uzito, kwani kipimo cha ubongo husoma zaidi damu ya vena, iliyokwisha kutoa oksijeni yake. Katika jaribio la awali la SafeBoosC, utafiti wa kutibu njiti kwa kufuata kipimo hiki, ulioongozwa kutoka Copenhagen, lengo lilikuwa asilimia 55 hadi 85. Mzazi aliyezoea 92 akiona 65 bila maelezo, atadhani mwanawe anakufa.

Jaribio kubwa la SafeBoosC, la njiti 1,601, lilitoa matokeo mwaka 2023: kutibu kwa kufuata kipimo hiki katika saa 72 za kwanza hakukupunguza vifo wala majeraha makubwa ya ubongo. Kipimo kinaonyesha, hakijathibitika kuokoa. Nanyi wauguzi, mkimtajia mzazi namba, mwambieni pia imepimwa wapi.