Maswali ya London, Majibu ya Burma

Mwaka 1900 mwanamke Mwingereza, Caroline Rhys Davids, alitoa tafsiri ya kwanza ya Kiingereza ya Dhammasangani. Hicho ndicho kitabu cha kwanza kati ya vitabu saba vya Abhidhamma, ile sehemu ya maandiko ya Wabudha wa Theravada inayochambua akili ya binadamu. Mumewe, T. W. Rhys Davids, alikuwa amefanya kazi katika serikali ya kikoloni ya Ceylon, akarudi na Kipali, lugha ya maandiko hayo, kichwani, na mwaka 1881 akaasisi Pali Text Society ili maandiko hayo yachapishwe. Caroline alikuwa na elimu ya uchumi, falsafa na saikolojia, na alisoma Abhidhamma kwa jicho la mtu aliyekuwa akitafuta saikolojia ya kale.

Siku hizi mtu wa Ulaya au Marekani anayevutiwa na elimu hii huanza kwa kufumba macho na kufuata pumzi zake. Wa kizazi kile walianza na sarufi. Na Dhammasangani haikuwahurumia: haina kisa, haina mifano mingi, inauliza tu: wazo jema linapozuka ndani ya mtu, ni vitu gani huzuka pamoja nalo? Kisha inavitaja kimoja baada ya kingine. Muhtasari wa baadaye, Abhidhammattha Sangaha wa mtawa Anuruddha, unahesabu aina 89 za fahamu na viambata 52 vinavyoandamana nazo, na unasema umbo moja la kimwili hudumu kwa muda wa kupita kwa nukta 17 za fahamu. Msomaji aliyelelewa kuiona nafsi kama mwenye nyumba anayeketi sebuleni na kuyapokea mawazo hukuta humu kwamba wageni wapo, wanaingia na kutoka, ila mwenye nyumba haonekani.

Muhtasari huo uliingia katika Kiingereza mwaka 1910, na aliyeutafsiri alikuwa msomi wa Kiburma, Shwe Zan Aung, naye Caroline aliuhariri. Jina la Shwe Zan Aung hutajwa mara chache mno, nami naona hiyo si haki. Caroline alipokwama katika Yamaka, kitabu cha sita, chenye maswali yanayokwenda jozi jozi hadi kichwa kikazunguka, alipeleka maswali yake Burma. Ledi Sayadaw, mtawa mkubwa wa zama zile, alimjibu kwa Kipali, na majibu yakachapishwa na Pali Text Society. Kwa hiyo picha ya msomi wa Ulaya akiyafufua peke yake maandiko yaliyokufa haina ukweli. Elimu ilikuwa hai na ilikuwa na walimu. London ilikuwa ikiandika barua za mwanafunzi.

Oktoba 1917 mwanawe Caroline, Arthur, rubani wa kivita, aliuawa angani huko Ubelgiji. Miaka iliyofuata Caroline alizama katika mambo ya kuwasiliana na wafu, na hatimaye akashikilia kwamba Budha mwenyewe hakukana nafsi, bali watawa ndio waliopotosha mafundisho yake. Wenzake katika fani walimshangaa. Mimi sioni la kumcheka: alikuwa mama aliyetafsiri kurasa nyingi zinazosema hakuna mtu nyuma ya mawazo, kisha akaambiwa mtoto hayupo.

Njia nyingine ya kuifikia elimu hii ilipita baharini. Anton Gueth, mpiga fidla aliyezaliwa Wiesbaden mwaka 1878, alipata utawa huko Rangoon mwanzoni mwa karne ya ishirini na kuitwa Nyanatiloka. Mwaka 1911 alianzisha makazi ya watawa katika kisiwa cha Polgasduwa, ndani ya ziwa la chumvi karibu na Dodanduwa, kusini mwa Ceylon. Watawa hawapiki wala hawanunui. Watawa wa Kizungu waliokaa pale waliweza kusoma kwa sababu wanakijiji waliwapa chakula.

Vita vilipozuka mwaka 1914 Mjerumani alikuwa adui popote penye bendera ya Uingereza, hata akiwa amenyoa kichwa na kuvaa joho. Nyanatiloka alizuiliwa katika kambi ya Diyatalawa, huko huko Ceylon. Kisha akapelekwa kambini Australia, akafungwa China, na hakuruhusiwa kurudi kisiwani hadi mwaka 1926.

Mwaka 1936 alijiunga naye Siegmund Feniger, Myahudi kutoka Hanau, aliyeitwa Nyanaponika. Mama yake pia alikimbilia Ceylon kumkwepa Hitler. Lakini kuwa Myahudi hakukumsaidia Nyanaponika kitu: vita vya pili vilipoanza Waingereza walimzuia kama raia wa Ujerumani, Diyatalawa kwanza, halafu Dehra Dun nchini India hadi mwaka 1946. Ndani ya seng'enge aliigeuza Dhammasangani pamoja na ufafanuzi wake kuwa Kijerumani, na insha zake juu ya Abhidhamma zikachapishwa mwaka 1949. Sijui darasa jingine la somo hili lililokuwa na muda mrefu kiasi hicho na usumbufu mchache wa wageni.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alikwenda Burma akakaa chini ya Mahasi Sayadaw, aliyefundisha kuangalia kila mguso na kila wazo linavyozuka na kutoweka. Kitabu alichokitoa mwaka 1954 kuhusu zoezi hilo kilisomwa sana katika nchi za Magharibi, na wengi walichukua zoezi wakaacha orodha za Abhidhamma. Yeye hakuvitenganisha. Mwaka 1958 aliasisi pamoja na marafiki wawili Buddhist Publication Society mjini Kandy, ambayo ilichapisha vijitabu vya bei nafuu kuhusu yote mawili.

Shirika hilo ndilo lililotoa mwaka 1993 muhtasari wa Anuruddha pamoja na maelezo mapya, chini ya uhariri wa Bhikkhu Bodhi, Mmarekani wa Brooklyn. Tafsiri ilitokana na ya Msinhala, Narada. Maelezo aliyaandika pamoja na Mburma, Rewata Dhamma. Na majedwali, ambayo wanafunzi hufungua kabla ya kitu kingine chochote, yalichorwa na Mburma mwingine, U Silananda.